Kazi ya Maskini katika Bonde la Msimbazi

Mto Msimbazi huanza katika vilima vya Pugu, upande wa machweo ya mji wa Dar es Salaam. Huteremka taratibu, ukipita penye bustani za mchicha na mabonde ya Vingunguti na Kigogo, hata kufika Jangwani, mahali pa tambarare palipo kati ya Kariakoo na Magomeni. Kisha huingia baharini penye daraja la Selander. Wakati wa kiangazi mgeni apitaye barabara ya Morogoro aweza kudhani ni mfereji tu wa maji machafu. Lakini masika yakija, wenyeji wa bondeni huijua tabia yake, nao hulala jicho moja wazi.

Kando ya mto huo, tangu chimbuko lake hata karibu na mdomo wake, wamekaa kwa nyakati mbalimbali watu waliotoka nchi za mbali ili wawahudumie maskini kwa ajili ya Kristo. Wengine walikaa mwaka mmoja tu, wakauawa. Wengine walikaa hata mvi zikawatoka. Wengine wapo hata leo. Nimetaka kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wazazi na walimu, jinsi siku ya watu hao inavyokwenda toka alfajiri hata usiku. Kwani habari za makanisa yao na maaskofu wao twazisikia mara nyingi, bali habari za ndoo zao na masufuria yao hatuzisikii. Na mimi naona kwamba imani ya mtu yaonekana zaidi penye ndoo kuliko penye mnara.

Walioanza Pugu

Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani, mapadre, mabradha na masista, walifika Pugu mwaka 1888. Wakafyeka pori, wakajenga nyumba, wakalima bustani, wakapokea watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Siku yao ilikuwa ya namna mbili, sala na kazi ya mikono, kama ilivyo desturi ya wafuasi wa Mtakatifu Benedikto tangu karne ya sita. Kengele iliita sala, na baada ya sala jembe likaita.

Wakati huohuo watu wa pwani walikuwa katika vita na Kampuni ya Kijerumani, iliyokuwa imeishika miji yao na kodi za bandari zao kwa nguvu. Mwanzo wa vita ile ulikuwa mwaka 1888, na kiongozi aliyejulikana kuliko wote alikuwa Abushiri bin Salim wa Pangani. Mjerumani wa kampuni na Mjerumani wa misioni, machoni pa watu walionyang'anywa nchi yao, walikuwa wamoja. Tarehe 13 Januari 1889 misioni ya Pugu ilishambuliwa na kuteketezwa. Mabradha wawili na sista mmoja waliuawa, na wenzao wengine walichukuliwa mateka hata walipokombolewa.

Nayasema haya wazi kwa sababu walimu wetu huulizwa na vijana darasani: Je, wamisionari hawakuja pamoja na watawala? Jawabu la kweli ni kwamba wengi walikuja kwa meli zilezile na chini ya bendera ileile, na jambo hilo liliwagharimu damu yao na kuwagharimu wenyeji imani yao kwa wageni hao. Lakini waliobaki hai hawakurudi kwao kwa hasira. Walihamia Dar es Salaam, wakaanza upya. Na kanisa la Mtakatifu Yosefu lililo mbele ya bandari, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, ni kazi yao. Wenzetu Walutheri nao, ambao mmisionari wao Johann Jakob Greiner alifika mjini mwaka 1887, waliendelea na kazi yao hata wakajenga kanisa linaloitwa leo Azania Front.

Pugu yenyewe haikuachwa kuwa magofu. Baadaye palikuwa na shule kubwa ya Mtakatifu Fransisko, ambapo Mwalimu Julius Nyerere alifundisha hata mwaka 1955, alipoacha kazi ili aongoze harakati za kudai uhuru.

Wakapuchini na mtaa wa wapagazi

Katika vita kuu ya kwanza Waingereza waliutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916. Walihitaji wapagazi wengi mno wa kuchukua mizigo ya jeshi, na kambi ya wapagazi hao ikawekwa nyuma ya Mnazi Mmoja. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na wenyeji walilitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi katika vita ile walikufa kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Basi kila tusemapo neno Kariakoo tunapokwenda kununua dagaa au vitenge, twataja bila kujua kambi ya maskini waliobebeshwa vita isiyokuwa yao.

Baada ya vita mji uligawanywa kama tulivyosimuliwa na wazee: Uzunguni karibu na bahari, Uhindini katikati, na Kariakoo kwa Waafrika, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Wamisionari Wajerumani walikuwa wameondolewa nchini kwa sababu ya vita. Mwaka 1921 wakaja Wakapuchini kutoka Uswisi, na mwaka huohuo wakafika masista wa Baldegg, Waswisi pia. Kati yao alikuwepo baadaye Askofu Edgar Maranta, aliyeongoza tangu mwaka 1930 hata mwaka 1968. Wakapuchini ndio walioijenga misioni ya Msimbazi, upande wa Ilala, penye kingo za bonde, mahali ambapo mtu wa kawaida aliweza kufika kwa miguu bila kuona haya ya viatu vyake.

Mkapuchini huvaa kanzu ya rangi ya kahawia yenye kofia ya nyuma, na kiunoni kamba nyeupe yenye mafundo matatu. Fundo moja ni ufukara, la pili ni usafi wa moyo, la tatu ni utii. Mtakatifu Fransisko wa Assisi, baba yao, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa nguo, akaacha majora ya baba yake akavaa gunia. Watu wa Kariakoo, wajuao sana bei ya jora, waweza kuielewa habari hiyo kuliko watu wengi.

Kazi yao katika mji haikuwa kama kazi ya misioni za bara. Huko bara padre aliwakuta watu katika ukoo wao, na mzee wa kijiji alimjua kila mtu. Katika mji alikutana na kijana aliyetoka Mahenge, Songea au Uluguru, aliyekuja kutafuta kazi bandarini au nyumbani kwa Mzungu, naye hana shangazi wala mjomba. Kijana huyo akiugua, ni nani wa kumpikia uji? Akifa, ni nani wa kumchimbia kaburi? Maskini wa mjini si yule tu asiye na fedha. Ni yule asiye na mtu wa kumwita jina lake.

Hapo ndipo kazi ya makatekista ilipoonekana. Padre alisoma Misa alfajiri, akaungamisha, akafundisha, akatembelea wagonjwa, akarudi jioni kusali zaburi. Lakini mlango gani una mgonjwa, na chumba kipi kina mtoto asiyebatizwa, na mjane yupi amefungiwa nje na mwenye nyumba, aliyejua mambo hayo alikuwa katekista. Majina yao wengi hayakuandikwa katika vitabu. Yameandikwa mahali pengine.

Majirani wao wengi walikuwa Waislamu, na hata leo ndivyo ilivyo Kariakoo na Jangwani. Mji huu umefundisha adabu ambayo haikutoka katika kitabu cha mtu mmoja: jirani akifiwa hatuulizi dini kabla ya kusogeza mkono kwenye jeneza. Mmisionari aliyejifunza adabu hiyo alidumu. Asiyejifunza alibaki na kanuni zake peke yake.

Siku moja Mburahati

Ng'ambo ya bonde, nyuma ya Kigogo, iko Mburahati, na huko iko nyumba ambayo watu wengi huiita kwa Mama Teresa. Wanaoishi humo ni wazee wasio na watu, wagonjwa, na watoto walioachwa au walio na ulemavu. Wanaowatunza ni Masista Wamisionari wa Upendo, wale wavaao sari nyeupe yenye mistari ya buluu. Shirika lao lilianzishwa na Mama Teresa katika mji wa Kolkata, Bara Hindi, mwaka 1950. Nchi ya kwanza ya Afrika kuwapokea ilikuwa Tanzania. Walifungua nyumba Tabora mwaka 1968. Mama Teresa alifariki mwaka 1997, na Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 4 Septemba 2016.

Masista hawa huweka nadhiri tatu kama watawa wengine, na juu yake huongeza ya nne, yaani kuwatumikia kwa moyo wote na bila malipo walio maskini kuliko maskini. Neno bila malipo lina uzito. Hawapokei ada kwa mgonjwa wala kwa jamaa zake, tena hawawi na mshahara wala mapato maalumu ya kutegemea. Mchele ukiwapo hupikwa mchele. Ukikosekana hungoja mtu ambaye Mungu atamgusa moyo. Wako wauzaji wa Kariakoo wanaojua jambo hilo vema, Wakristo kwa Waislamu, ambao hutenga kikapu cha nyanya au gunia la viazi wala hawataki kutajwa.

Siku yao huanza kabla ya jua. Kengele hulia saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Husali, hutafakari, huhudhuria Misa. Katika kanisa lao dogo hakuna viti vya fahari. Huvua viatu, hupiga magoti au huketi sakafuni. Ukutani, karibu na msalaba, kama ilivyo katika kila nyumba yao duniani, yameandikwa maneno ya Bwana wetu alipokuwa akifa ya kwamba ana kiu. Wafundishwa kuwa kiu hiyo wataikuta mchana katika kinywa cha mgonjwa.

Baada ya sala huja kazi za nyumba. Kila sista hufua nguo zake mwenyewe kwa mikono, katika ndoo yake. Sari alizo nazo ni chache: moja mwilini, moja kwenye kamba, na moja ya akiba. Kisha kazi ya wagonjwa: kuosha, kulisha, kusafisha vidonda, kubadili mashuka, kukata kucha, kumgeuza mtu asiyeweza kujigeuza. Hakuna kazi iliyo ya wakubwa na nyingine iliyo ya wadogo. Watokao kwenda mitaani hutoka wawili wawili, na njiani husali rozari kwa sauti ndogo. Mchana hurudi, hula chakula chepesi, hupumzika kidogo. Jioni hukaa saa nzima kimya mbele ya Sakramenti. Baada ya chakula cha usiku huwa na muda mfupi wa kuzungumza na kucheka, kwa maana Mama Teresa hakumpenda sista mwenye uso wa msiba. Na kabla ya saa nne usiku hulala.

Wengi wao huja kutoka mbali, na ruhusa ya kwenda kuwaona wazazi wao huja mara moja tu katika miaka kumi. Na sista mgeni akifika hana budi kujifunza Kiswahili upya kama mtoto. Mtu mzima aliyesoma, kuchekwa na watoto kwa kuchanganya kufa na kufua, si jambo jepesi. Lakini mgonjwa hufurahi kumrekebisha sista, na siku ile huwa mwalimu yeye.

Kikombe cha uji

Ipo kanuni moja ya masista hawa ambayo watu wa pwani huiona ngumu. Waendapo kutembelea nyumba za watu hawali wala hawanywi kitu, hata maji. Sababu yake ni njema: maskini akimpokea mgeni hutoa kitu chake cha mwisho, na masista hawataki kumla maskini kwa kisingizio cha kumtembelea. Lakini kwetu mgeni ni baraka, na kukataa kikombe ni kama kumwambia mwenyeji kuwa mikono yake si safi.

Palikuwa na bibi mmoja mjane akikaa chumba cha kupanga upande wa Kigogo, Mwislamu, mwenye kidonda cha mguu kisichopona. Masista wawili walikuwa wakimjia kila wiki kukiosha. Siku moja aliwapikia uji wa mtama, wakamshukuru wala wasiuonje. Nilipopita kumjulia hali nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia, "Marahaba," kisha hakusema neno kwa kitambo. Mwishowe akaniuliza, "Mwalimu, wale watoto wananidharau? Uji wangu una nini?"

Nikamweleza kanuni yao na sababu yake. Akasikiliza, akatikisa kichwa. Akasema, "Wao wamekuja kwangu kutoa. Na mimi je, sina cha kutoa? Mtu asiyetoa kitu si maiti huyo?"

Maneno hayo niliwafikishia masista kama alivyoyasema. Sista mkubwa wao hakujitetea wala hakuvunja kanuni. Wiki iliyofuata alikwenda, na baada ya kuosha kidonda aliona ukili ukutani, kwa maana bibi yule alikuwa msusi wa mikeka. Akaketi chini akamwomba amfundishe kusuka, ili awafundishe wazee wa Mburahati wanaoshinda bila kazi. Bibi akamfundisha. Alimkemea kama mjukuu kila alipokosea, akaukata ukili wake mara tatu ukaanza upya. Baada ya miezi kadhaa kidonda kilipungua ingawa hakikupona kabisa. Naye akaniambia, "Sasa tumekuwa watu. Yeye ananiosha mguu, nami namwosha ujinga."

Nimekiandika kisa hiki kwa ajili ya walimu wenzangu. Katika kutoa kuna hatari ambayo haionekani: mtoaji asipokubali kupokea, aliyepewa huzidi kuwa mdogo. Bwana wetu mwenyewe aliomba maji kwa mwanamke Msamaria kisimani kabla ya kumpa yale aliyokuwa nayo.

Maji ya masika

Sasa tuutazame mto tena. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, na Msimbazi ukafurika Jangwani na mabonde mengine. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na maelfu waliachwa bila makao. Serikali iliwapa baadhi yao viwanja Mabwepande, mbali nje ya mji. Mafuriko yalirudi mwaka 2014, na tena mwaka 2018. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilianza mjini na kuenea hata mikoa mingine. Kila mara yakitokea hayo, waliokwenda kwanza kwa waathirika walikuwa majirani wenyewe, kisha misikiti na makanisa kwa blanketi, unga na sabuni.

Wengine husema: Watu hawa waliambiwa wahame, kwa nini wasaidiwe tena? Mtu asemaye hivyo hajapata kuuliza kodi ya chumba mahali pa juu. Mama auzaye vitumbua Kariakoo alfajiri akihamia mbali, nauli ya kwenda na kurudi humla faida yote. Anakaa bondeni si kwa ukaidi, ila kwa hesabu. Hata hivyo ni kweli pia kwamba mto hausikii hesabu ya mtu. Miaka ya karibuni Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, imeanza mradi wa kulitengeneza bonde la Msimbazi, na nyumba nyingi za bondeni zimebomolewa na wenyewe kulipwa fidia. Kuhama kwaweza kuokoa maisha. Lakini mtu akihama humwacha jirani aliyejua kwamba ana pumu, na mwenye duka aliyemkopesha sukari, na jumuiya iliyomfuata alipokosa kuonekana siku mbili. Vitu hivyo havimo katika karatasi ya fidia. Ni sisi tutakaovirudisha, ama havitarudi.

Lawama zinazosemwa

Haifai kuwaficha wasomaji lawama zinazotolewa juu ya kazi ya namna hii. Wapo wasemao kuwa kumlisha maskini leo hakumwondolei umaskini kesho. Wapo madaktari na waandishi waliozishutumu nyumba za Mama Teresa za Kolkata kwamba wagonjwa hawakupata dawa za kutosha za maumivu wala matibabu ya kisasa. Lawama hizo tusizitupe kwa hasira. Upendo usiotaka kujifunza ni nusu upendo, na mgonjwa anayestahili kushikwa mkono anastahili pia dawa iliyo sawa.

Lakini nami ninalo neno. Wanaosema kwamba kazi ya kweli ni kuondoa umaskini wote kwa sheria na uchumi wamesema kweli. Basi na waifanye, nasi tutawashukuru. Ila mzee aliyelala leo nyuma ya kituo cha mabasi, mwenye funza miguuni, hawezi kungoja uchumi ukue. Anahitaji mtu leo kabla ya jua kuchwa. Shamba la mwakani halimshibishi mwenye njaa ya jioni hii. Wala mlo wa jioni hii hautuzuii kulima.

Wamisionari wa sasa ni nani?

Mabadiliko yamekuwa makubwa. Masista na mapadre wa Ulaya waliokuja wakiwa vijana wamezeeka. Wengi wamelala katika makaburi ya nchi hii, na kwao wanaojiunga na utawa wamepungua sana. Je, kazi imekufa? La. Mwaka 2019 jimbo kuu la Dar es Salaam lilipata askofu mkuu Mkapuchini, naye ni mtoto wa Kilimanjaro, Yuda Thadei Ruwa'ichi. Kanzu ya kahawia iliyoletwa na Waswisi mwaka 1921 leo huvaliwa na vijana wetu wa Kitanzania.

Na watoto wa Afrika Mashariki wamevuka bahari kwa kazi hiyo. Tarehe 4 Machi 2016 watu wenye silaha waliingia katika nyumba ya wazee ya Masista wa Mama Teresa huko Aden, nchi ya Yemen. Kulikuwa na vita, na masista walikuwa wamekataa kuwaacha wazee wao. Masista wanne waliuawa asubuhi ile, pamoja na wafanyakazi na watu wengine, jumla 16. Sista Anselm alikuwa wa Bara Hindi. Sista Judith alitoka Kenya. Sista Margherite na Sista Reginette walitoka Rwanda. Papa Fransisko aliwataja kama mashahidi wa siku zetu, waliouawa na wauaji wao na pia na ulimwengu usiojali.

Tazameni jinsi mambo yalivyogeuka. Mwaka 1889 wageni wa Ulaya waliuawa Pugu, penye chimbuko la mto wetu. Mwaka 2016 binti za Afrika waliuawa ng'ambo ya bahari yetu, wakiwalisha wazee wa watu wengine. Hakuna awezaye kusema tena kwamba umisioni ni kazi ya Wazungu.

Wajibu wa nyumba zetu

Msomaji mwenye watoto na kibarua aweza kusema: Mimi si mtawa, siwezi kuamka saa kumi na kufua sari. Ni kweli. Lakini mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walitaka Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo za nyumba kwa nyumba, na sababu yake ni hii: kila mlango uwe na mtu anayeuangalia. Basi natoa mashauri machache, yote yanawezekana kwa mwenye mapato madogo.

Kwanza, kila jumuiya iwajue kwa majina wazee wakaao peke yao katika mtaa wake, wa dini zote, na ipangwe zamu ya kuwatazama. Kumtazama mtu ni jambo la dakika kumi. Kumkuta amekufa tangu juzi ni aibu ya mtaa mzima.

Pili, mzazi aendapo kumwona mgonjwa aende na mtoto. Mtoto aliyeshika beseni la maji wakati mama yake akimwosha bibi kizee amefundishwa katekisimu ambayo mimi siwezi kuiandika ubaoni.

Tatu, walimu wawafundishe watoto kutotupa taka katika mifereji. Chupa ya plastiki iliyotupwa Kariakoo hushuka bondeni na kuziba njia ya maji, na maji yaliyozuiwa huingia chumbani kwa maskini. Dhambi nyingine hazina makelele. Husafiri na mvua.

Nne, utoapo, uliza pia huyo mtu ana nini cha kukupa: ukili, hadithi, shauri, sala. Pokea kwa mikono miwili.

Yule bibi mjane alihama bondeni pamoja na wengine. Mkeka aliomaliza kuusuka sista umetandikwa Mburahati kando ya kitanda cha mzee mmoja, nao umepinda upande, kwa kuwa mwanafunzi alikuwa mgeni wa kazi. Yuko mwingine sasa anayefundishwa ukili. Mwenye mikono mizuri ya kusuka, au hata mwenye saa moja tu siku ya Jumamosi, na aende akaketi nao.